Shofere wa Kamio ya Bati

Nianze na la kuchekwa, tulimalize mapema. Nilikuwa mwanaume mzima, ndevu zimeota, nina kibanda changu cha ufundi wa bati kule Kasenga, na jioni nikimaliza koroboi na majagi ya watu nilikuwa nakaa chini kuunda magari madogo. Si ya kuuza. Si ya kuwapa watoto. Mtoto akiyagusa nilimchapa vidole, na mama yake akija kulalamika namwambia na yeye asiguse. Watu walisema nimeoza kichwa, wenzangu wanajenga nyumba, mimi ninajenga kamio ya kubebea panzi. Kamio ndilo lori, kwa sisi tuliokua chini ya Wabelgiji. Basi wacheke. Mimi sikumwuliza mtu kwa nini anashinda kwenye bao.

Na yasichanganywe na yale ya waya na mabua ambayo vijana husukuma kwa fimbo njiani. Yale ni gari lolote, hayana kwao. Yangu yalikuwa na vipimo. Bati nililipata kwenye makopo ya mafuta na ya sardini, nikalichemsha rangi itoke, nikalinyoosha kwa nyundo ya mti ili lisipate makunyanzi. Magurudumu niliyakata kwenye visigino vya viatu vilivyokwisha, fundi viatu jirani yangu aliniwekea kwenye gunia. Kioo cha mbele kilikuwa ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Nilikuwa nikilehemu mlango mmoja, nikiona umekaa vibaya naubandua, nalehemu tena, mpaka makaa kwenye mbabula yanakwisha na mimi nimesahau kula.

Vipimo vilitoka kwa yaya. Huku kwetu yaya ni ndugu yako mkubwa, na yaya wangu alikuwa shofere. Aliendesha kamio ya tajiri mmoja, anachukua pamba kule bondeni, anaishusha gatini Kalundu, halafu anapakia chumvi na vitambaa kwenda navyo kusini, kwa ile njia inayobanwa kati ya mlima na ziwa. Mimi rula sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nani angeniruhusu kulala chini ya kamio ya tajiri nikipima? Kwa hiyo yaya alipima kwa shubiri, toka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, mkono umetanuliwa. Anakuja nyumbani, ananawa, na kabla ya kumega ugali anasema, "Toka bampa mpaka mlango, shubiri saba na nusu." Mimi nachukua kila shubiri yake naifanya upana wa kidole changu kimoja. Hivyo ndivyo kamio kubwa ilivyoingia kwenye kamio ndogo, na ukiiweka karibu na macho huku umefumba jicho moja, ulikuwa unaona ni ileile.

Halafu ilibidi ibaki ileile, hapo ndipo kazi yenyewe ilipokuwa. Kamio ya kazi haikai siku nyingi na sura moja. Mara moja ng'ombe walioshushwa toka Rurambo walimsongea yaya njiani karibu na Kiringye, wakaponda fare ya kushoto, ile taa kubwa ya mbele. Aliporudi hakusema habari, alisema, "Fare ya kushoto imekufa." Nikachukua koleo nikaiua na yangu. Ubao wa ubavuni ukavunjika akatia mwingine usiopakwa rangi, na mimi nikatia usiopakwa rangi. Bashi, lile turubai la kufunika mzigo, likapata kiraka, mama akanipa kitambaa nikashona kiraka. Yaya alikuwa anachuchumaa mbele ya kazi yangu, ananyamaza kama mtu wa duani, halafu anatia kidole.

"Weye, kamba ya bashi haipiti hapo. Iko inapita chini ya ndoano."

"Uliniambia juu."

"Nilikuambia chini. Masikio yako iko na bati."

Tukigombana hivyo mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mtu anayemjua mama wa baadaye hawezi kuamini, lakini alicheka.

Siku waliyoleta habari nilikuwa ninalehemu tangi ya mafuta ya kamio yangu. Walikuja wanaume wawili, wa gatini, wakasimama mlangoni wakanizibia mwanga. Wakasema kamio ya yaya imeingia ziwani kule kusini, ukingo umekatika. Nikamaliza mshono niliokuwa nao, maana risasi ya kulehemia ikipoa katikati inaharibu kila kitu. Kisha nikauliza kamio imeumia wapi. Wakanitazama. Mmoja akaniambia polepole, kama anasema na kiziwi, "Tunakuambia ndugu yako haonekani." Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli. Haikuingia tu.

Kamio ilitolewa. Walileta minyororo na watu wengi, wakaivuta ikatoka maji yakimwagika kila upande, mlango wa shofere uko wazi. Muntu hapana. Ziwa letu pale halina huruma: unaweka mguu, unaweka wa pili, chini hakuna tena. Wavuvi walizunguka na mitumbwi asubuhi na jioni mpaka wakachoka, na baba akawashukuru akawaambia wapumzike.

Baba alikuwa mtu wa msikiti, mzee wa vitambaa sokoni, ukoo wa wale waungwana wa zamani wa ziwa. Alilibeba jambo kwa namna aliyoijua. Wakaswali swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, watu wakajaa, dua ikasomwa. Baba akarudi nyumbani akakaa, akasema, "Aliyekufa maji ni shahidi. Tumeswali. Maji yakimwagika hayazoleki." Na kwake ilikuwa kweli. Nilimwona usiku ule analala.

Mama hakulala. Wala hakulia, na hilo ndilo lililotutisha. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na mfiwa wetu hakuanza. Wanawake walikuja na vitenge vyao vimefungwa kiunoni, tayari, wakakaa mkekani wakitazamana, mwishowe wakaomba chai. Mama alikaa pembeni mikono mapajani. Shangazi alipomhimiza alie atoe sumu, alisema, "Sijaona muntu. Nitalilia nini? Nitalilia maneno?"

Wageni wakatawanyika, matanga yakaisha kwa kalenda ya watu, lakini mama hakuinuka. Uji ukiletwa alilamba kijiko akarudisha. Mikono yake ikaanza kuonyesha mifupa. Tulikuwa tumempoteza mmoja, na wa pili alikuwa anakwenda mbele ya macho yetu, kila mtu anaona, hakuna anayejua la kufanya. Mimi nilikwenda kazini. Nilitengeneza koroboi. Mtu akinipa pole nasema asante, na koroboi hiyo hapo, angalia utambi.

Ndipo mjomba akaja kutoka Kiringye. Mama alizaliwa huko bondeni, kwa wakulima. Alisilimu alipoolewa, ila wao walibaki na yao. Mjomba alifika jua kali, amebeba kichwani kipande cha mgomba kirefu kama mtu, kimefungwa majani. Akakiegemeza kwenye ua, akaomba maji, akanywa, ndipo akasema lililomleta. Kwao, muntu akipotea asionekane, wanauosha mgomba, wanauvika, wanauzika mahali pake. Watu wanaulilia, halafu wanarudi mashambani.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Akasema, "Shemeji, karibu chakula. Lakini nyumba hii haiziki mgomba."

"Si kwa ajili yako, shemeji. Weye umeswali, moyo wako umetulia. Dada yangu je?"

"Atatulia."

"Atatulia kaburini!"

"Nimesema hauzikwi!" Baba akasimama. Sikuwahi kumwona anamsimamia shemeji yake. "Mwanangu si ndizi!"

Mjomba hakula. Alichukua fimbo yake akaondoka na jua lilelile, mgomba akauacha uani, na mbuzi za jirani zikautafuna. Mama alizitazama mbuzi zile kutoka mkekani, hakuzifukuza. Na mimi niliziangalia pia. Ukiniuliza nilisikia nini, nitakuambia kweli: sikusikia kitu. Nilikuwa kama jino lililopigwa sindano.

Siku chache baadaye kamio ikapita Kasenga. Wameigonga ikanyooka, wameipaka kijani, shofere mwingine anapiga honi. Wenzangu wa barabarani waliniangalia kuona nitafanya nini. Niliangalia fare ya kushoto. Wameweka mpya. Ile yangu ndogo nilikuwa nayo rafuni, fare imepondwa, ubao hauna rangi, na kwa mara ya kwanza sikuigusa kuifananisha.

Ndipo siku moja mchana mama akaja kibandani. Alikuwa hajatoka uani tangu habari ile, na sasa amesimama mlangoni kwangu, amekuja kwa miguu, ameshika mhimili. Nikainuka nikampa kigoda. Hakukaa. Akanyoosha kidole rafuni.

"Ishushe."

Nikaishusha. Akainama akachungulia kwenye dirisha dogo la kamio.

"Iko nani ndani?"

"Haiko muntu, mama. Sijawahi kuweka muntu." Ilikuwa hivyo. Baba alitukataza tangu utotoni: kitu chenye roho hakichongwi. Magari yangu yote yalikwenda bila watu, na yaya alinitania kwa hilo, eti mimi ni fundi wa ajali.

"Mweke shofere," mama akasema. "Mweke mwanangu."

Nikafikiri, basi, akili imekwenda. Anataka mwanawe arudi kwenye volani, ule usukani, kamio itembee, dunia irudi nyuma. Nikafikiri hivyo na mkono wangu huohuo unatafuta kipande cha mti. Maana angalau alikuwa amesema kitu anachokitaka. Tangu maji yale hakuwa ametaka hata chumvi.

Nilichukua ule mti mwepesi unaoota kando ya mto Ruzizi, ambao wavuvi wanafanyia viboya vya nyavu. Unakatika vizuri kwa kisu, hauna nyuzi. Kwanza nilitaka urefu. Nikamwuliza mama yaya alikuwa mrefu kiasi gani, akaenda akasimama kwenye mhimili wa mlango, akainua mkono juu ya kitambaa chake cha kichwa, akaushikilia pale. "Hapa." Nikaweka alama ya makaa, nikapima toka chini kwa shubiri, kila shubiri upana wa kidole, kama siku zote.

Kuanzia hapo alikuja kila siku. Alikaa kwenye kigoda akiangalia kisu. Na alikuwa mkali! Yaya hakuwa na ukali ule hata robo.

"Mabega sivyo. Hili la kushoto lilishuka."

Nikalishusha.

"Miguu inyooke."

"Mama, huyu ni shofere. Shofere anakunja magoti, la sivyo hafiki pedali."

"Miguu ya mwanangu inyooke."

Nikanung'unika, nikatoboa magoti nikatia waya, akunje na anyooke, kila mtu apate lake. Nilipofika usoni nikamwambia baba hatapenda. Akasema, "Macho sitaki." Nikaona amemheshimu mumewe. Nilipoanza kushona kaptula ya kaki na shati lenye kola, akasema nisijisumbue na nguo. Hapo nilikataa. Yaya hakuendesha kamio yake kifua wazi hata siku moja, na mimi siwezi kutoa kazi nusu.

Baba alijua. Kasenga mtu hapigi chafya bila msikiti kusikia. Alipita kibandani akasimama nje, akaona kilichokuwa mkononi mwangu.

"Hiki nini?"

"Mama amekitaka."

"Mimi niliwakataza."

"Ndiyo, baba."

Nilingoja anipige, au anilaani. Akauliza, "Anakula?" Nikamwambia jana amekula ndizi mbili hapa hapa, na samaki kidogo. Akaangalia barabara. Akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana, na nyumbani hakunisemesha.

Siku ya kumaliza nilifungua mlango wa kamio nikampandisha. Hakuingia. Nikamkunja magoti, nikamsukuma, kichwa kikagonga dari na shingo ikapinda. Nikamtoa nikampima upya: sawa na alama. Nikaipima kamio: sawa na siku zote. Nikakaa na kile kitu mkononi nikikitukana, na bati nikalitukana, na mti. Mpaka nikatanua kiganja changu mbele yangu nikakiangalia, ndipo nikajua. Kamio nilipimiwa na yaya, na yaya alikuwa na mkono mpana. Yaya mwenyewe nimempima mimi, kwa mkono wangu mfupi, shubiri zikawa nyingi. Ili nimpate sawa ningehitaji mkono wake, na mkono wake uko chini kule. Hakuna atakayenipimia tena kitu. Nilirusha nyundo ukutani. Hasira ile ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza nilichokisikia tangu waliponizibia mwanga mlangoni, na iliniuma kifuani mpaka nikashika meza.

Nikambeba nyumbani nimemfunga kwenye kitambaa, na kamio kwapani. Mama alikuwa uani, nyuma ya nyumba, jua limeanza kupoa. Nikamwambia, "Mama, hakai. Kichwa kinagonga. Nipe muda kidogo nimpunguze miguu."

"Usimkate mwanangu."

"Nisipomkata hatakaa."

"Haizuru," mama akasema. "Hatakaa."

Akampokea. Ile kamio hakuiangalia hata kidogo. Niliiweka chini na hakuna aliyeiuliza. Nikaona sasa beseni karibu na mguu wake, na maji, na kipande cha sabuni, na bafta nyeupe mpya imekunjwa, na kafuri kwenye kijikaratasi. Akaketi, akamlaza mapajani, akamnyoosha miguu, kwanza mmoja, halafu mwingine. Akamvua shati langu lenye kola. Vifungo vilikuwa vidogo na vidole vyake vilikuwa vimekonda, alihangaika navyo, na mimi nilisimama tu kama mti. Akamvua kaptula, akamfunika kiunoni kwa kitambaa, kwa adabu, kama inavyotakiwa. Macho hayakuwepo ya kufumba.

"Nimwagie maji," akasema.

Nikachota kwa jagi nikaanza kumwaga. Akalowesha kitambaa akaanza kumpangusa, toka lile bega la kushoto, akishuka na mkono, taratibu, anapita katikati ya vidole ambavyo sikuwa hata nimevitenganisha vizuri. Hakuwa analia. Alikuwa anafanya kazi.

Hapo nikaona kivuli juu ya maji. Baba amesimama kwenye mlango wa nyuma, ametoka sokoni, kofia kichwani. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Aliona beseni, aliona sanda, aliona kile kitu chenye umbo la muntu mapajani mwa mkewe. Mkono wangu ukasimama. Mama hakuinua kichwa, lakini alimfunika yule mtoto wa mti kwa kiganja chake, kama mtu anayezuia upepo. Nikasema moyoni, leo nyumba hii inavunjika.

Baba akavua viatu.

"Kuume," akasema. "Mama watoto, anza na upande wa kuume. Umeanza kushoto."

Akaja akachuchumaa kando ya beseni, akachukua jagi mkononi mwangu, akamwaga yeye mwenyewe, Bismillahi, kidogo kidogo. Mama akahamisha kitambaa kwenye bega la kuume. Akalipangusa mara moja, kisha akaliita jina la yaya kwa sauti kubwa, na kilio kikatoka.